Je, Mashine Yaweza Kumshuhudia Jirani Uongo?

Pale Basoko, mahali mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, mwenye duka dogo huamka kabla mitumbwi haijafika. Huuza chumvi, sabuni, sukari, betri na mafuta ya taa. Kuuza si kazi ngumu. Kazi imchoshayo huanza jioni, mlango ukiisha fungwa, nayo ni kuhesabu. Bidhaa amezinunua Kisangani kwa dola, naye huziuza kwa faranga, na bei ya dola haikai mahali pamoja. Hapana budi kila usiku apige hesabu upya, aandike kilichotoka na kilichobaki, nani amelipa na nani amekopa. Kesho yake tena vile vile. Mkono huchoka, macho hulemewa, na penye usingizi tarakimu 7 hugeuka kuwa 1.

Siku hizi ziko programu ziwekwazo katika simu au kompyuta, ambazo huifanya kazi hiyo yote. Mwenye duka huandika mara moja tu kitu alichouza. Programu yenyewe hukiondoa katika akiba, hugeuza dola kuwa faranga, hujumlisha madeni, na kutoa hesabu ya mwezi kwa dakika moja. Hata fedha imekwisha ingia simuni: M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007, ilifika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2012, na wakala wake hahitaji kujumlisha lolote ili ajue salio lake.

Wako wanaonung'unika kwamba huo ni uvivu. Neno lao halina nguvu nyingi. Mwanamke apelekaye mihogo yake mikavu kwenye kinu cha injini, badala ya kuitwanga, haitwi mvivu. Jasho si jema kwa kuwa ni jasho. Ni jema kwa ajili ya kile liletacho. Kijana aliyekuwa akiandika daftari hata usiku wa manane akipata sasa nafasi ya kulala, au ya kusoma, hakuna aliyedhulumiwa. Bali kama ameachishwa kazi na kurudishwa kwao mikono mitupu, hapo bwana wake ana deni kwake, tena deni la kulipwa kabla ya kuihesabu faida.

Swali gumu liko mahali pengine. Daftari la zamani liliandikwa na mkono wa mtu. Mama mmoja akija na kusema, "Deni lile nililipa siku ya soko," mwenye duka hufungua daftari, na asipoona alama yoyote, husita. Hukumbuka ya kuwa siku ile mvua ilinyesha, watu walijaa dukani, naye mwenyewe alikuwa na homa. Kwa kuwa ajua mkono wake hukosea, huliachia nafasi neno la jirani. Sasa simu yasema: hajalipa. Simu haikuwa na homa siku ile. Basi mwenye duka hujibu, "Mama, mashine haisemi uongo," na mbele ya watu wote amekwisha mwita mwongo.

Amri ya nane hukataza kumshuhudia jirani uongo. Je, mashine yaweza kuvunja amri hiyo? Haiwezi, maana haina nia, na pasipo nia hapana uongo. Lakini kukosea yaweza, kwa sababu imetengenezwa na watu na hulishwa na watu. Basi kosa lake hugeuka ushuhuda wa uongo pale mtu anapolishika, akasimama nalo mbele ya wengine, akakataa kuulizwa zaidi.

Jambo hili si la kubuniwa. Huko Uingereza, kazi za posta vijijini hufanywa mara nyingi na wenye maduka madogo. Mwaka 1999 Posta ya huko ilianza kuwawekea programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, ya kampuni ya Fujitsu, ili iwapunguzie kazi ya makaratasi. Punde wengine wakaona kila jioni programu yasema fedha imepungua, wala wao hawakuchukua kitu. Mkataba uliwataka kulipa upungufu. Wakatoa akiba zao, wakakopa kwa jamaa. Walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Tena sheria ya nchi iliichukua kompyuta kuwa sahihi mpaka mtu athibitishe kwamba imekosa. Na mwuza duka wa kijijini atathibitishaje jambo kama hilo? Hata mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi au udanganyifu. Wengine walifungwa gerezani, na mmoja wao alikuwa mja mzito. Ni mwezi wa Desemba 2019 tu ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba programu ile ilikuwa na makosa, na mwaka 2024 bunge likazifuta hukumu kwa sheria. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa.

Katika habari hiyo yote, mashine ndiyo yenye lawama ndogo kuliko wote. Walikuwako watu waliopelekewa malalamiko, mmoja baada ya mwingine, wakaona ni vyepesi zaidi kuwadhania mamia ya majirani kuwa wezi kuliko kuikagua programu moja.

Mwenye duka wa Basoko hana haja ya kuitupa simu yake mtoni. Na ahesabu kwayo. Lakini kila alipwapo, ampe mlipaji karatasi yenye kiasi na tarehe, na kwa asiyejua kusoma, aisome kwa sauti mbele ya mtu wa pili. Mara moja kwa juma ahesabu kwa mkono vitu vilivyo rafuni na noti zilizo sandukuni, aone kama vyapatana na simu. Na mama yule akirudi, amweke kitini, amwulize ni siku gani, nani alikuwapo, alilipa kwa noti zipi, na nani alizipokea. Yawezekana mama ndiye aliyesahau. Amsikilize mpaka mwisho, kisha ndipo aifungue simu.