Haki ya Anayeita

Mtu anayetaka kununua hedifoni kubwa, zile zinazofunika sikio zima, atakuta mambo mawili yamekwisha kupimwa kwa makini na wajuzi: sauti na starehe. Kwenye sauti, wapimaji huzivalisha kichwa cha bandia chenye maikrofoni masikioni, kisha wakachora mstari unaoonyesha besi imekaaje, sauti za kati zikoje, na sauti kali zinachoma au la. Kwenye starehe hutazama uzito, jinsi utepe unavyobana kichwa, kina cha mto wa sikio na joto linalokusanyika ndani yake. Sony WH-1000XM4 za mwaka 2020 zina gramu 254. AirPods Max za mwaka huohuo zinakaribia gramu 385, na shingo huijua tofauti hiyo kabla jioni haijafika. Yote haya yana faida. Lakini kuna kipimo cha tatu ambacho ni nadra kukikuta, nacho ni cha kimaadili, na kwa mwenye imani ni cha kidini pia: hedifoni hizi zinamfanya nini mtu anayeniita? Nadai kwamba kipimo hicho ni sehemu ya ubora wa chombo chenyewe, wala si mahubiri ya kubandikwa juu yake, na kwamba Kampala inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko miji mingi.

Tuanze na chombo, maana hoja yangu imo ndani ya utendaji wake. Zipo hedifoni zilizo wazi kwa nyuma, kama Sennheiser HD 600 zilizoanza kuuzwa mwaka 1997. Nyuma ya spika kuna wavu tu, kwa hiyo sauti inapata pa kwenda, muziki unasikika kama una nafasi mbele na pembeni, na sikio halitoki jasho. Gharama yake ni kwamba barabara yote inaingia, na jirani naye anasikia wimbo wako. Zipo za kufungwa, kama Beyerdynamic DT 770 na Audio-Technica ATH-M50x: kikombe kigumu na mto unaokaza. Hapo besi inajaa na nje kunapungua, lakini mto wa ngozi ya bandia kwenye mchana wa Kampala wa nyuzi 27 au 28 hulowa jasho, na baada ya muda ngozi hiyo huanza kubanduka vipande vipande shavuni. Aliyevaa miwani, aliyesuka nywele nene au aliyejifunga hijabu anajua pia kwamba mto usipogusa ngozi sawasawa, unabaki mwanya, na besi hupotelea hapohapo. Aina ya tatu ni za kufuta kelele. Wazo lake lilimjia Amar Bose akiwa kwenye ndege mwaka 1978, likawafikia marubani mwaka 1989, na abiria wa kawaida mwaka 2000. Maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje, na spika hutoa wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yauane. Sasa jambo la kuangalia ni hili: ufutaji huo hufanya kazi vizuri zaidi kwa mngurumo mzito usiobadilika, yaani jenereta, injini ya basi, feni. Sauti ya mtu, honi, kilio cha mtoto hubadilika haraka na ni kali zaidi, hivyo mashine haiwezi kuzifuta kwa kiasi hichohicho. Kinachozizuia hizo ni kikombe na mto, na zaidi ya vyote ni muziki wenyewe ukipandishwa.

Fizikia hiyo inatukabidhi tofauti ambayo maadili yaliihitaji tangu zamani. Sauti za mji si aina moja. Kuna sauti isiyomlenga yeyote, na kuna wito. Jenereta linalonguruma mbele ya duka kule Kikuubo halimwiti mtu. Ni uchafu wa hewa kama moshi wake ulivyo, na anayeuzuia usiingie sikioni mwake hajamnyima mtu yeyote haki. Konda anayepaza sauti "Ntinda, Ntinda" kwenye Old Taxi Park, mama mwenye beseni la ndizi kichwani anayeomba njia, mwendesha boda anayepiga honi nyuma ya kisigino chako, hao wana jambo na mtu fulani, na huenda mtu huyo ni wewe. Kelele haina mwenyewe. Wito unaye, na ukiuzima umemzima yeye.

Anayesema huu ni utamu wa falsafa tu na atazame Buganda, ufalme ambao Kampala imo ndani yake, ilivyojengwa kwa masikio. Kila ukoo una mubala wake, mdundo wa ngoma unaoutambulisha, kiasi kwamba mtu alijulikana kwa mbali kabla hajaonekana. Mdundo wa Gwanga mujje uliwaita watu wote kwenye hatari. Ule wa Saagala agalamidde, unaotangaza kwamba hatakiwi mtu wa kulala chali, uliwatoa watu majumbani kwenda bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kufyeka njia na kusafisha visima. Katika mpango huo, kusikia tayari kulikuwa kuwajibika: aliyeisikia ngoma hakuwa na uhuru wa kujifanya mgeni. Kanisa lilipofika lilielewa, na waumini wa kanisa kuu la Namirembe wakaitwa kwa ngoma. Siku hizi kazi hiyo imeangukia bizindaalo, vile vipaza sauti vilivyofungwa juu ya milingoti mitaani, ambavyo pamoja na matangazo ya biashara hutangaza msiba, mtoto aliyepotea, kitambulisho kilichookotwa. Wengi huvilaani, na mara nyingi wana haki. Lakini ni kutoka mlingoti uleule unaokera alfajiri ambako mama hupata habari za mwanawe saa kumi jioni, kwa sababu mtu asiyemfahamu alikuwa akisikiliza. John Mbiti, aliyefundisha Makerere kwa miaka 10 kuanzia 1964, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba nafsi ya mtu inasimama juu ya kuwapo kwa wenzake. Wazo hilo limenukuliwa hadi likachakaa, na wakati mwingine limetumika kumnyima mtu upweke wake halali. Mimi nalichukua kwa maana nyembamba: wenzangu hawawezi kunisimamisha kama hawawezi kunifikia, na kwa wengi wetu mlango wao wa kwanza ni sikio, kwa kuwa jicho lina kope na sikio halina.

Vitabu vya dini havimruhusu mtu kulichukulia jambo hili upande mmoja. Qurani inasimulia katika Sura Nuh jinsi watu wa Nabii Nuhu walivyotia vidole masikioni na kujigubika nguo wasimsikie, na huo ni ukaidi. Katika Matendo ya Mitume, waliompiga Stefano mawe waliziba kwanza masikio yao. Mkono ulifuata baada ya sikio kufungwa. Mithali inaonya kwamba anayeziba sikio asisikie kilio cha maskini atalia naye asisikiwe. Hadi hapo ungedhani kesi imekwisha. Lakini Isaya anamsifu mtu anayeziba masikio yake asisikie shauri la kumwaga damu, na Qurani inawasifu waja wanaopita kwenye upuuzi kwa heshima zao, wakageuka wakaenda. Luqman akimuusia mwanawe anamwambia ashushe sauti, na kuifananisha sauti iliyopayuka na ya punda. Na Yesu anamwelekeza anayesali aingie chumbani afunge mlango. Kwa hiyo kuziba sikio hakukuhukumiwa kwenyewe. Kinachohukumiwa ni nani aliyebaki nje, na alikuja na nini. Waliompiga Stefano walijua wanachokizuia. Hofu yangu juu ya hedifoni ni kwamba mvaaji hajui: anazuia vyote kwa pamoja, upuuzi na kilio, bila kuchagua, na kwa kuwa hakuchagua anajiona hana hatia.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa wakazi wa mji wenyewe. Kampala haina adabu ya sauti, watasema, na mtu wa Bwaise au Kisenyi hana bustani wala ukuta mrefu kama wa Kololo. Mkesha wa kanisa upande huu, baa upande ule, na karakana ya kuchomelea vyuma chini ya dirisha. Hedifoni ndizo ukuta wake pekee. Unamwambiaje avue? Simwambii avue. Mwili unaonyimwa usingizi hauwezi kumhudumia jirani, na mwanafunzi anayesoma usiku katika chumba kimoja cha kupanga akiwa na wadogo zake wanne ana haki kamili ya kimya chake. Ila pingamizi hili likifuatwa hadi mwisho linanirudishia hoja yangu. Uganda ina kanuni za viwango vya kelele tangu mwaka 2003, zilizowekwa chini ya sheria ya mazingira, zenye kiwango cha mchana na cha usiku. Kimya, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni haki ya umma. Tumekwisha kuona linalotokea haki ya umma inapogeuka bidhaa: mwenye kisima chake haulizi tena maji ya bomba, mwenye jenereta halalamiki umeme ukikatika. Anayeweza kununua kimya cha laki kadhaa za shilingi na kukivaa kichwani ndiye hasa ambaye lalamiko lake lingesikilizwa ofisini, naye ndiye wa kwanza kunyamaza. Wanaobaki ndani ya kelele ni wale ambao hakuna anayewauliza. Basi na avae, lakini asisahau kwamba alichonunua ni nafuu yake peke yake, na deni kwa mtaa bado lipo.

Pingamizi la pili nalipa uzito mkubwa pia. Mwanamke anayekatiza Arua Park au kwenye msongamano wa teksi anaitwa mara nyingi kuliko mwanamume, na wito mwingi si wa heri: anavutwa mkono, anasifiwa umbo, anatukanwa asipojibu. Kwake hedifoni ni namna ya kusema sipo, na mara nyingi hazichezi chochote. Je, nadai kwamba ana wajibu kwa kila kinywa kilichofunguka? La. Wajibu wa kufikika si wajibu wa kujibu, wala wa kutii. Mwenye kumwita kwa dharau amekwisha kuutumia vibaya mlango, na mlango ukifungwa mbele yake hajadhulumiwa. Zingatia, lakini, kwamba anayevaa hedifoni zilizo kimya anasikia bado. Amejinyima mazungumzo bila kujinyima mji, na pikipiki ikimjia kwa nyuma ataruka. Ndiye anayezitumia kwa akili kuliko wote. Mlinganishe na kijana aliyekaa kiti cha nyuma cha teksi ya watu 14, muziki juu. Nauli zinapita mkono kwa mkono kuelekea kwa konda, chenji inarudi kwa njia hiyohiyo, na mzee aliyebanwa dirishani anasema "mu maaso awo" ashushwe hapo mbele. Wa kumpitisha ni kijana. Mzee anasema mara ya pili, anagusa bega, teksi imekwisha kupita siteji. Hakuna uovu uliotendeka, na mzee atarudi kwa miguu.

Wapo watakaouliza kuhusu viziwi: kama ujirani unasimama juu ya sikio, je, wao si majirani? Swali hili limenisaidia zaidi ya kuniudhi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliiagiza dola iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, mapema kuliko nchi nyingi duniani. Kiziwi wa Kampala hajajiondoa kwa wenzake hata kidogo. Macho yake yanazunguka, bega lake linapokea mguso, anafikika kwa njia nyingine na anataka kufikika. Kwa hiyo sikio ni njia tu, na msingi ni ile hali ya kuwa tayari kuingiliwa. Mwenye masikio mazima aliyeyafunga na kuinamia simu anafikika kidogo kuliko kiziwi aliyeinua uso.

Tukirudi kwenye chombo, kiasi cha sauti ndicho chenye hukumu, kuliko aina. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Mtu mwenye hedifoni dhaifu zisizozuia mngurumo hupandisha muziki ili aushinde, akaharibu sikio lake na kumzima kila anayemwita. Aliyefutiwa mngurumo anaweza kusikiliza kwa chini, na sauti ya mtu ikapenya. Hapa starehe, afya na maadili vinakwenda pamoja, na ndiyo sababu siungi mkono wanaozilaani hedifoni za kufuta kelele kana kwamba ndizo zenye ubinafsi. Lakini watengenezaji nao wana la kujibu. Zile Sony za 2020 zina uwezo wa kusimamisha muziki mazungumzo yanapoanza, jambo jema sana, isipokuwa kinachoziamsha ni sauti ya aliyezivaa. Mlango unafunguka kwa ndani. Anayebisha nje hakufikiriwa.

Ningependa basi wanaolinganisha hedifoni waongeze jaribio moja, rahisi kuliko kichwa chao cha bandia. Mvaaji akae, muziki uwe desibeli 80, mtu mwingine asimame hatua mbili nyuma yake amwite kwa jina kwa sauti ya kawaida, kwanza chumbani, halafu pembeni ya Barabara ya Kampala saa 11 jioni. Aligeuka au hakugeuka: matokeo hayo yaandikwe kwenye jedwali, mstari mmoja na uzito na besi.