Pointi 15 na Kudra ya Mungu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mtaani kwetu Tanga jina la Mungu hutajwa kabla ya somo lolote. Aliyefaulu, "Alhamdulillahi." Aliyekwama, "Mungu hakupanga." La kwanza sina neno nalo. La pili linanikera, na nimefundisha Jiografia ya kidato cha tano na sita muda wa kutosha kueleza kwa nini.

Binti wa jirani yangu alisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), akapata E tatu. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B pointi 2, hivyo hivyo hadi E, kisha S, na mwisho F yenye 7. E ni 5, kwa hiyo binti ana 15, divisheni ya tatu. Mwenzake wa darasa hilohilo kapata D mbili na F moja. Nne, nne na saba: 15 vilevile, divisheni ileile. Ila mlango wa chuo kikuu una hesabu yake. Tume ya Vyuo Vikuu huipindua ngazi, A ikawa 5 na E ikawa 1, kisha hutaka masomo mawili ya kuanzia E kwenda juu, jumla yake isipungue 4.0. D mbili zinafika. E mbili zinaishia 2. Aliyefeli somo zima anaomba shahada. Aliyefaulu yote matatu anabaki nje.

"Ndiyo kudra hiyo, Mwalimu," mama wa binti aliniambia.

"Mama, hiyo 4.0 wameiweka watu."

Alinitazama kama niliyekufuru. Sikukufuru. Kuamini kudra ni nguzo ya sita ya imani, nami naishika. Lakini hata Imamu al-Ashari, ambaye Mashafii wengi wa pwani hii humfuata katika itikadi, alifundisha kwamba Mungu huumba tendo na mja hulichuma, na kwa kulichuma huko ndipo anapoulizwa. Basi waulizwe wote: mwanafunzi aliyelala, shule iliyokaa bila mwalimu wa Historia, na kikao kilichochora mstari. Ukisema "Mungu hakupanga" umewafutia wote hao maswali kwa mkupuo mmoja, halafu deni umemwandikia Mungu.

Mstari wenyewe siutukani. Chuo hakiwezi kupokea kila mtu, na lazima mahali fulani pawe mwisho. Ila tusiuchanganye na Mizani ya Kiyama. Ile, kwa tulivyofundishwa, haiachi hata uzito wa chembe. Hii yetu, alama 34 ni F na 35 ni S, na kati yao huenda ikawa jibu moja tu. (S nayo! Si kufeli, wala chuo hakikuhesabii kuwa umefaulu.)

Wazazi wenzangu, karatasi ikifika isomeni somo kwa somo kabla ya kumhukumu mtoto au kumsingizia Mola. Mtihani hurudiwa, kwa kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Stashahada yenye GPA ya 3.0 nayo humfikisha mtu kwenye maombi ya shahada. Binti wa jirani anajaza fomu ya stashahada wiki hii, na mama yake ndiye anayemtafutia ada.