Ahadi kwa Adui Asiyehesabiwa Kuwa Mtu

Vijana wa darsa yetu hapa Diani walituletea swali walilolitoa katika mchezo wa televisheni, na baadhi ya wazee wakacheka. Mimi sikucheka. Mchezo huo waitwa Battlestar Galactica, ulioonyeshwa baina ya 2003 na 2009. Humo wanaadamu waliunda mashine ziwatumikie. Mashine zikapata akili, zikaasi, na baada ya miaka zikarudi kuwaangamiza, wasisalimike ila watu kiasi cha elfu hamsini waliokimbia kwa merikebu za angani. La ajabu ni kwamba wanaadamu wa kisa hiki huabudu miungu mingi, na mashine ndizo zinazodai kumwamini Mungu mmoja, na kwa madai hayo zimeua umma mzima. Kijana mmoja aliposimulia hayo aliinamisha kichwa, na sababu yake twaijua.

Swali lao lilihusu mateka, mashine mwenye umbo la mtu, aliyedai kuwa ameficha bomu katika mojawapo ya merikebu. Askari mwanamke akamtesa kwa maji, akimwambia kuwa yeye si mtu. Kisha akaja Rais wao, akamwahidi: sema kweli, utasalimika. Akasema kweli, kwamba hapana bomu. Papo hapo Rais akaamuru atupwe nje angani. Baadaye yule askari aliyemtesa akamwombea kwa miungu yake, asijue kama alikuwa na roho au la.

Wazee walisema: chuma hakina roho, basi hapana ahadi. Ama roho, hiyo ni amri ya Mola wetu, wala sidai kuwa chuma kinayo. Lakini ahadi haikutoka katika chuma, ilitoka kinywani mwa mtu. Ikiwa mateka hakustahili kuahidiwa, mbona aliahidiwa? Yasimuliwa kuwa Hurmuzan, jemadari wa Kiajemi, alipoletwa mbele ya Sayyidna Umar aliomba maji, akaambiwa hatauawa mpaka ayanywe, akayamwaga. Ilikuwa hila iliyo wazi, na mtu huyo alikuwa amewaua Waislamu. Umar alikasirika, wala hakumuua.

Sisi watu wa Kwale hatuna haja ya kupanda angani. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika chuo kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia, wajisalimishe katika muda wa siku kumi. Baadaye baadhi ya waliorudi waliuawa katika kaunti yetu hii, na wauaji mara wakasemwa ni wenzao wa zamani, mara ni askari. Sisi hatukushuhudia, wala hatumtuhumu mtu. Lakini barazani nilisikia kwa masikio yangu: «Wale si watu, ni wanyama.» Waliosema hivyo ni watu wema, nami nilikuwapo nikanyamaza. Hasira yao ina sababu, na aliyemwaga damu yampasa ahukumiwe kwa ushahidi mbele ya hakimu. Lakini neno lile la «si watu» halikusemwa siku ya kutangazwa msamaha. Lilisemwa jeneza lilipokwisha kupita.

Basi mzazi aliyelisikia tangazo lile, akamshika mwanawe mkono akamtoa mafichoni kwa kuliamini, yeye naye ni mtu au si mtu?