Mungu Hakuonei Huruma Tu, Anakufurahia



Nilipokwenda Maparoni, kule kwenye delta ya mto Rufiji wilayani Kibiti, nilijiona mtu wa msaada kweli kweli. Kule barabara ni maji. Unapanda boti katikati ya mikoko, na maji yakipwa unakaa unasubiri yajae. Wakristo ni wachache, majirani zao wengi ni Waislamu. Mafuriko ya mwaka 2024 yalikuwa yamefunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mimi nilikwenda na uso wa kuwahurumia.

Baada ya sala, mama mmoja alitupakulia wali kwa kamba. Aliniona ninavyoikagua nyumba yake, akasema, "Frateri, mbona unatutazama kama umekuja msibani?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini neno lile nilirudi nalo.

Zaburi ya 149 inatuambia kwamba Mungu anapendezwa na watu wake, na wanyenyekevu anawapamba kwa wokovu. Haisemi anawasikitikia tu. Ninayemsikitikia, naona kwanza anachokosa. Ninayemfurahia, naona kwanza kwamba yupo.

Je, Mungu apendezwe nasi kwa lipi? Aristotle aliona kwamba umbali kati ya mungu na binadamu ni mkubwa mno, urafiki hauwezekani. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatuonyesha upande mwingine: sisi tunampenda mtu kwa sababu tumekuta kitu chema kwake, lakini upendo wa Mungu ndio unaoumba huo wema. Yaani Mungu hasubiri ustahili ndipo akupende.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanatajwa wanyenyekevu. Umaskini peke yake si unyenyekevu, tusichanganye. Mnyenyekevu ni yule anayekubali kupokea. Mwenye kiburi anataka apendwe kwa vyeti vyake, kwa huduma zake, hata kwa sala zake. Mimi nilikuwa huyo, na kanzu yangu nyeupe.

Utaniuliza: kama anawafurahia, mbona maji yalibeba mpunga wao? Sina jibu jepesi. Ila soma Marko sura ya 1. Baba anatamka kwamba anapendezwa na Mwanawe kabla Yesu hajafanya muujiza hata mmoja, na mara hiyo hiyo Roho anampeleka jangwani. Kupendwa hakukumwondolea jangwa. Aliingia humo akijua yeye ni Mwana wa nani.

Kwa hiyo tusiseme "Mungu anawapenda wanyonge" halafu tukaishia hapo. Unayemfurahia hutaki akose maji safi, zahanati wala mbegu ya msimu ujao. Mpelekee, lakini ukifika kaa, kula chakula chake, cheka naye. Usimfanyie matanga angali hai.

Leo kabla ya kulala, zima simu, kaa kimya dakika tano. Usiombe kitu, usijitetee. Mwache Mungu akutazame. Kesho mtazame hivyo hivyo yule uliyezoea kumwonea huruma tu.

Ee Bwana, unifundishe kupokea furaha uliyo nayo juu yangu, na kuiona kwa jirani yangu. Amina.