Mapenzi ya Mnyama Hupimwa Bandani

Hapa kwetu Njoro, mtu akionekana anampapasa ng'ombe shingoni huku akimsemesha, wapita njia humcheka: huyo kaingiwa na uzungu. Tunadhani kumpenda mnyama ni anasa ya walioshiba. Basi na tumtazame mzungu mwenyewe aliyekulia papa hapa, tuone alipenda vipi.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka minne. Mama yake hakuyaweza maisha ya hapa. Alirudi kwao na kaka yake Beryl, binti akabaki na baba, Charles Clutterbuck, aliyefuga farasi wa mashindano na kusaga nafaka. Malezi mengine aliyapata kwa wafanyakazi wa shamba. Alicheza na watoto wao na kufuatana na wawindaji wa Kinandi, mkuki mkononi, mbwa wake Buller akiwa naye. Akiwa mtoto aliwahi kuraruliwa na simba wa kufugwa, na bado hakuwachukia wanyama.

Moyo wake hasa ulikuwa kwenye mabanda ya farasi. Katika kitabu chake West with the Night, kilichotoka 1942, anasimulia usiku aliomzalisha farasi jike aitwaye Coquette. Baba yake akampa yule mtoto wa farasi, naye akamwita Pegasus. Baadaye ukame ulipomfilisi Clutterbuck, mzee alikwenda Peru kutafuta maisha. Binti alibaki, akampanda Pegasus hadi Molo, na akiwa na umri wa miaka 18 hivi akawa mwanamke wa kwanza nchini kupata leseni ya kufunza farasi wa mashindano.

Kazi hiyo haina mahaba ya maneno. Mkufunzi huamka alfajiri, hupitisha vidole kwenye kano za miguu ya farasi akitafuta joto au uvimbe, kisha huamua kama leo atakimbia au atatembezwa tu. Mwaka wa 1926 Beryl alinyang'anywa farasi aliyemtegemea, wiki chache kabla ya mbio za St Leger jijini Nairobi. Akamgeukia Wise Child, farasi jike ambaye kano zake zilikuwa dhaifu, akamtunza kwa subira, na ndiye aliyeshinda. Bega kwa bega naye alikuwa Kibii, rafiki wa utotoni ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Sifa ya mkufunzi ikitajwa, ya arap Ruta isisahauliwe.

Ulimwengu unamkumbuka kwa ndege zaidi. Septemba 1936 aliruka kutoka Uingereza, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, akaangukia kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Lakini baada ya sifa zote hizo alirudi Kenya na kuwarudia farasi, na washindi wakawa wanatoka bandani mwake tena. Uzee ulimkuta Nairobi, kando ya uwanja wa mbio, mfuko ukiwa mwepesi, naye bado anashughulika na farasi. Katika jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, gari lake lilipigwa risasi akiwa ndani, akatoka hai. Alifariki tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Hakuwa malaika. Ndoa zake tatu zilivunjika, na mwanawe alilelewa Uingereza na nyanya yake. Isitoshe, walowezi walipata nafasi katika Bonde la Ufa kwa sababu Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904. Anayemsifu Beryl aliseme na hilo.

Hata hivyo, somo lake si la kizungu. Kuamka usiku kumzalisha mnyama, kumpapasa mguu kabla ya kumtuma kazi: mfugaji wa Kinandi wa enzi hiyo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Sisi ndio tuliosahau. Mtazame punda wa mkokoteni anayepanda kutoka mtoni na mitungi ya maji, kidonda kikiwa wazi pale kamba inaposugua, na mwenyewe akimchapa papo hapo kwenye kidonda. Machinjio ya punda yalipofunguliwa Mogotio na Naivasha, wizi wa punda ulienea hadi wafugaji wakapiga kelele, na mwaka wa 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Tulilia kwa sababu tulipoteza chombo cha kazi. Wangapi kati yetu tulikuwa tumewahi kukinyanyua kwato na kukitazama?

Mwenye punda, leo jioni mfungue mapema. Mwoshe kidonda kwa maji ya chumvi, weka kitambaa laini chini ya kamba, na kesho mpunguzie mtungi mmoja. Wakikucheka kwamba una uzungu, waache wacheke. Punda wako atakuwa bado anatembea wao wakitafuta wa kuazima.