Safari Iliyosimama

Leo nawawaza ndugu zetu wakimbizi Wakongo wa Nsambya na Katwe, hapa Kampala, waliojiandaa kuhamia Marekani. Maandalizi yenyewe yalikuwa ya miaka: usaili juu ya usaili, vipimo vya afya, darasa la maisha ya huko, kutia sahihi mkopo wa nauli ya ndege. Mwishoni mtu aliuza godoro na masufuria. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, hata waliokwisha kupangiwa ndege. Aliyeuza godoro alale wapi? Inaniuma sana. Kama unapanga nao ua mmoja, tafadhali, usiwaulize wataondoka lini. Uliza kama watoto wamerudi shule, na nani anawalipia karo.