Bei ya Ustadi na Thamani ya Mtu

Katika Marekani mchezo wa besiboli huanza majani yachipuapo na kwisha majani yapukutikapo. Baridi iingiapo viwanja hufungwa, lakini ndimi hazifungwi. Mashabiki huanza mchezo wa pili, usio na gongo wala mpira, ambao Wamarekani huuita kwa jina la jiko la moto, kwa kuwa zamani watu walikaa kando ya jiko wakiota moto na kubashiri. Hubashiri nani atabadilishwa kwa nani: mrusha mpira hodari kwa vijana wawili, mdaka mpira mzee kwa fedha. Katika mazungumzo hayo kila mtu ni tajiri, na kila tajiri ana busara kuliko wenye timu.

Kubashiri peke yake si dhambi. Shabiki wa timu iliyoshindwa hana faraja nyingine ila kuwaza mwaka ujao. Walakini chini ya faraja hiyo lipo swali zito: je, ni haki mtu atiwe mizanini na mtu mwenziwe, kisha apelekwe asikotaka, kwa sababu tu mizani imelingana?

Watetezi wa desturi hii wana hoja mbili. Kwanza, kibadilishwacho ni ustadi, si mtu. Pili, mchezaji ametia sahihi mkataba kwa hiari, na hulipwa ujira ambao mwalimu au seremala hauoni hata ndotoni. Hoja hizi si nyepesi. Yafaa zijibiwe kwa mambo yaliyotokea.

Hoja ya pili ilijibiwa na Curt Flood. Mtu mweusi huyu alicheza misimu 12 katika timu ya Cardinals ya St. Louis, akatwaa nayo ubingwa mwaka 1964 na mwaka 1967. Oktoba 1969 alibadilishwa, pamoja na wenzake watatu, aende Philadelphia. Mshahara wake ulikuwa kama dola 90,000 kwa mwaka. Alikataa. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia Bowie Kuhn, mkuu wa mchezo ule, kuwa yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali matakwa yake. Siku hizo mkataba ulikuwa na sharti lililomfunga mchezaji kwa timu moja mwaka baada ya mwaka: timu iliweza kumwacha, yeye hakuweza kuiacha. Alipoulizwa juu ya ukubwa wa mshahara wake, alijibu kwamba mtumwa alipwaye vizuri ni mtumwa vilevile.

Neno hilo ni zito, na pwani ya Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, uzito wake wajulikana. Basi lipimwe kwa insafu. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Mchezaji alikuwa nayo. Jackie Robinson, alipobadilishwa Desemba 1956 aende timu ya Giants, aliacha kucheza. Mlango ulikuwa wazi, lakini ulikuwa mlango wa kutoka katika kazi yote, si wa kuingia pengine. Robinson alikuwa akikaribia miaka 38. Flood alikuwa na miaka 31 tu. Hiari ambayo bei yake ni kupoteza kazi ya maisha si utumwa, lakini haistahili kuitwa uhuru.

Flood alishindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1972, kwa majaji 5 dhidi ya 3, na nguvu zake za uchezaji zilikuwa zimekwisha kupotea. Mwaka 1973 wachezaji walipata kanuni kwamba mwenye miaka 10 kazini, 5 ya mwisho katika timu moja, habadilishwi bila ya ridhaa yake. Kanuni hiyo ingalimlinda yeye. Mwishoni mwa mwaka 1975 mwamuzi alilivunja sharti lenyewe.

Hoja ya kwanza ilijibiwa na machozi. Tarehe 29 Julai 2015 uvumi ulienea uwanjani New York kuwa Wilmer Flores amebadilishwa. Kijana huyu wa Venezuela alikuwa mikononi mwa timu ya Mets tangu umri wa miaka 16. Watazamaji walimshangilia kwa kumuaga, naye akabaki uwanjani akilia. Mabadilishano yale hayakutimia. Ustadi hauna macho ya kulilia. Aliyelia ni mtu. Vitu hivi viwili hukaa katika mwili mmoja, na kimoja hakisafirishwi bila ya kingine.

Shabiki aweza kusema kuwa maneno yake hayana amri. Ni kweli. Lakini ulimi uliozoea kumtaja mtu kama bidhaa huuzoeza moyo kumwona hivyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: mwenye kuwapanga wengine kando ya jiko hangependa kuamshwa asubuhi akaambiwa kuwa tajiri wake amempeleka mji mwingine, na watoto wake wahame shule.

Haifai, basi, kumkataza mtu kubashiri. Yafaa aongeze swali moja katika hesabu yake. Akisha kuuliza timu itapata nini na itatoa nini, aulize kama atolewaye ameridhia. Mpaka baina ya kazi na bidhaa ni ridhaa, na mpaka huo hauondolewi na wingi wa fedha.